Albert Szent-Györgyi: Aliyeikamua vitamini C kutoka kwenye pilipili

WANAFUNZI wangu wa kemia hapa Kigali wakiulizwa vitamini C inapatikana wapi, hujibu kwa sauti moja kwamba iko kwenye machungwa na malimau. Jibu lao si kosa. Lakini mtu wa kwanza kuipata vitamini hiyo kwa kilo, ikiwa unga mweupe wa fuwele safi, hakuitoa kwenye chungwa wala kwenye limau. Aliitoa kwenye pilipili nyekundu isiyowasha, jamii ya ile ambayo Watanzania huiita hoho na sisi hapa tunaiita puwavuro.

Mtu huyo ni Albert Szent-Györgyi, daktari na mkemia wa Hungaria aliyezaliwa Budapest tarehe 16 Septemba 1893 na kupata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1937. Nimeamua kuyaandika maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake inahusu kitu kilicho jikoni mwetu kila siku. Pili, alikuwa mtu wa kuhamahama na mkimbizi, na mimi niliyezaliwa na kusomea uhamishoni siwezi kuyasoma maisha yake bila kuona jambo linalotuhusu.

Ugonjwa wa mabaharia

Ndugu msomaji, kabla hatujamfuata Albert, tukumbuke ni kwa nini vitamini C ilitafutwa kwa juhudi kubwa. Kwa karne nyingi mabaharia waliokaa baharini miezi mingi bila mboga wala matunda walipatwa na kiseyeye. Fizi zilivimba na kutoa damu, meno yalilegea, vidonda vya zamani vilifunguka upya, na mwishowe mtu alikufa.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina kumbukumbu ya ugonjwa huo. Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India, watu wake wengi walikufa njiani. Walipofika Malindi Januari 1499, jambo mojawapo waliloomba ni machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa katika jozi na kuipa kila jozi dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Hivyo dawa ilijulikana, lakini kilichomo ndani ya tunda kinachoponya kilibaki fumbo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walikipa jina la vitamini C wakiwa bado hawajakiona.

Mpwa asiyetarajiwa

Albert alitoka katika familia ya wasomi upande wa mama yake. Mjomba wake, Mihály Lenhossék, alikuwa profesa mashuhuri wa anatomia mjini Budapest. Mjomba huyo hakumwona mpwa wake kuwa na akili ya kutosha kwa sayansi, akapinga wazo la kumfanya mtafiti. Kijana alipoanza kufanya vizuri shuleni, mjomba alilegeza msimamo hatua kwa hatua, akampokea katika maabara yake na kumpa kazi ya kuchunguza ngozi ya njia ya haja kubwa, kwa kuwa mjomba mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na bawasiri. Baadaye maishani Albert alipenda kutania kwamba aliingia sayansi kwa kupitia mlango usio sahihi.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa mwanafunzi wa udaktari. Alipelekwa mstari wa mbele kama mhudumu wa tiba na akaona vijana wakifa kwa sababu ambazo hakuziamini. Mwaka 1916 alichukua bastola akajipiga risasi mkononi, akadai kuwa ni risasi ya adui. Alirudishwa nyumbani, akamaliza masomo na kupata shahada ya udaktari mwaka 1917. Mwaka huohuo alioa, na mwaka uliofuata akapata binti.

Miaka ya kutangatanga

Vita ilipokwisha, Hungaria ilipoteza sehemu kubwa ya ardhi yake. Mji wa Pozsony, alikokuwa akifanya kazi, ukawa wa Chekoslovakia na leo unaitwa Bratislava. Wahungaria wa chuo kile wakalazimika kuondoka. Kuanzia hapo Albert, mkewe na mtoto wao mdogo wakawa watu wa mizigo. Alipita Prague, Berlin, Hamburg na Leiden, kisha Groningen huko Uholanzi, akiishi kwa mshahara mdogo na posho za hapa na pale.

Alikuwa Groningen alipoanza kujiuliza swali lililoonekana dogo. Kwa nini tunda kama ndizi au tufaha likikatwa hugeuka rangi ya kahawia, ilhali limau halifanyi hivyo? Aligundua kwamba ndani ya mimea isiyogeuka rangi kuna kitu kinachozuia oksijeni ya hewani kuunguza nyama ya tunda. Vitu vya aina hiyo leo tunaviita antioksidanti, na neno hilo limejaa kwenye matangazo ya vyakula na vipodozi. Wakati ule halikuwa neno la biashara. Albert alikuwa akifuata kitu halisi asichokijua jina.

Alikitafuta kitu hicho pia katika tezi za adrenali, zilizo juu ya figo za wanyama, akakuta dalili zake. Lakini mambo yakaharibika. Profesa aliyekuwa akimlea kikazi alifariki, na aliyeshika nafasi yake hakuona maana ya utafiti ule. Mwaka 1926, akiwa hana fedha wala tumaini, Albert alimrudisha mkewe na mtoto kwa wazazi wa mke huko Hungaria, naye akaazimia kujiua. Kabla ya hapo alikwenda kuhudhuria mkutano wa wanasayansi mjini Stockholm. Mwenyekiti wa mkutano, Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge, alipokuwa akihutubia alitaja kwa sifa makala ya kijana mmoja. Ilikuwa makala ya Albert. Baada ya hotuba alimwendea, na Hopkins akamkaribisha Cambridge.

Hapo mimi husimama kidogo kila ninaposoma habari hizi. Mtu alikuwa amefika ukingoni, akaokolewa na mkubwa aliyesoma kazi yake na kuitaja jina mbele ya watu. Sisi walimu tuna uwezo huo kila siku na hautugharimu kitu.

Jina lililokataliwa

Cambridge alifaulu kutenga kitu kile, akakijua kuwa kina kaboni 6, haidrojeni 8 na oksijeni 6. Kilifanana na sukari lakini hakujua ni sukari gani. Sukari kwa Kiingereza huishia na silabi inayofanana, kama vile glukosi na fruktosi, kwa hiyo alipendekeza jina la mzaha lenye maana ya sukari nisiyoijua. Mhariri wa jarida alilikataa. Akatoa jina la pili lenye maana kwamba ajuaye ni Mungu, nalo likakataliwa. Mwishowe mwaka 1928 kitu hicho kilichapishwa kwa jina la asidi ya heksuroniki.

Tatizo lilikuwa uchache. Tezi za adrenali ni ndogo na kitu kilichomo ni chembe tu. Alikwenda Marekani, kwenye Kliniki ya Mayo, ambako machinjio makubwa ya karibu yalimpatia tezi za ng'ombe kwa wingi. Baada ya karibu mwaka mzima wa kazi alipata takriban gramu 25. Sehemu yake alimpelekea mkemia Norman Haworth wa Birmingham ili atambue umbo la molekuli, lakini haikutosha. Maji ya machungwa na malimau nayo hayakusaidia, kwa sababu sukari zilizomo zilichanganyika na asidi ile na kuwa vigumu kuzitenganisha.

Kurudi nyumbani

Waziri wa elimu wa Hungaria, Kuno Klebelsberg, alikuwa akiwaita nyumbani wasomi waliotawanyika. Albert aliitika, akapewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Szeged, mji wa kusini ulio mbali na Budapest. Chuo chenyewe kilikuwa mkimbizi. Kilikuwa kimehama kutoka Kolozsvár baada ya mji ule kuwa wa Romania, kikapewa makao Szeged mwaka 1921. Mhamaji alirudi kufundisha katika chuo kilichohama.

Mwaka 1931 alijiunga naye kijana Mmarekani mwenye asili ya Hungaria, Joseph Svirbely, aliyekuwa amefanya kazi Pittsburgh kwa Charles Glen King, mtafiti aliyekuwa akiitafuta vitamini C kwenye malimau. Svirbely alijua namna ya kuipima kwa kutumia simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao watu hufuga kwa nyama. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C, hivyo akikosa mboga huugua kiseyeye. Albert alimpa asidi ya heksuroniki iliyokuwa imebaki. Wanyama waliopewa miligramu moja tu kwa siku walinawiri, na wale walionyimwa walikufa. Kitu kilichofuatwa tangu Groningen ndicho kilikuwa vitamini C.

Svirbely alimwandikia King kumjulisha matokeo. Tarehe 1 Aprili 1932 King alitangaza ugunduzi huo Marekani, na siku 15 baadaye tangazo la Szeged likatoka Uingereza. Ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza uliendelea miaka mingi, na wapo Wamarekani ambao hawakuridhika King alipoachwa kwenye Tuzo ya Nobel.

Chakula cha jioni

Pamoja na ushindi huo, asidi ilikuwa imekwisha. Bila nyingine, Haworth hakuweza kuendelea, na wala haikuwezekana kuwapa wagonjwa. Hapo ndipo inaingia pilipili.

Szeged ni mji mkuu wa pilipili za Hungaria, zile ziitwazo paprika. Zililimwa pande zote za mji, zikaanikwa kwenye kuta za nyumba na kusagwa kuwa unga wa kuungia mchuzi. Jioni moja ya mwaka 1932 mkewe alimwandalia pilipili nyekundu mbichi. Albert hakuwa na hamu ya kuila, na hakutaka kumkwaza mkewe. Akakumbuka kwamba mmea huo hakuwahi kuupima, akapata kisingizio cha kuondoka nao mezani kwenda maabara. Kufikia usiku wa manane alijua kuwa ameshika hazina.

Pilipili ile ilikuwa na vitamini C nyingi, na haikuwa na tatizo la sukari lililomkwamisha kwenye machungwa. Kazi ikawa ya kiwanda. Pilipili zilisagwa na kukamuliwa, asidi ikatenganishwa na maji yake kwa kutumia chumvi za madini, kisha ikasafishwa na kukaushwa kwa uangalifu ili hewa na joto visiiharibu, hadi fuwele zikajitokeza. Katika wiki chache alipata kiasi cha kilo moja na nusu. Linganisha na zile gramu 25 za mwaka mzima kule machinjioni.

Hakuzifungia kabatini. Alizigawa kwa watafiti wa nchi mbalimbali waliotaka kuzichunguza. Haworth alipopata shehena yake alitambua umbo la molekuli mwaka 1933, na wawili hao wakaipa jina jipya la asidi ya askobiki, yaani asidi inayozuia kiseyeye. Muda si mrefu Haworth huko Birmingham na Tadeusz Reichstein huko Zürich waliweza kuitengeneza kutoka kwenye sukari, na ndiyo asili ya vidonge vya leo. Mwaka 1937 Szent-Györgyi alipata Nobel ya Tiba, na Haworth akapata ya Kemia pamoja na Paul Karrer.

Wapo wanaosema ilikuwa bahati. Mimi sikubali. Maelfu ya watu wa Szeged walikula pilipili ile kila siku na hakuna aliyeona kilichomo. Aliyeona ni yule aliyebeba swali moja kwa miaka mingi kutoka nchi hadi nchi. Vilevile, swali hilo lisingepata jibu kama angebaki Cambridge, ambako pilipili hazikuanikwa kwenye kuta. Elimu ya ugenini ilihitaji udongo wa nyumbani, na udongo wa nyumbani ulihitaji elimu hiyo.

Hili ndilo linalonigusa. Nilisoma mkoani Kagera, Tanzania, na "kurudi" Rwanda baada ya 1994 kulikuwa kwenda mahali ambapo sikuwahi kufika. Katika shule moja niliyosoma tulikariri vitamini C kwa picha ya limau kitabuni, na nyuma ya darasa kulikuwa na bustani ya pilipili ambayo mwalimu hakuitaja hata siku moja. Tulifundishwa kwamba sayansi ni habari za mbali. Ninaogopa kuwa watoto wengi hapa Kigali bado wanaamini hivyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, niliona majirani wakitafuta vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji, na puwavuro zinasinyaa sokoni.

Hazina mbili za pilipili

Pilipili ina hazina mbili, na kila moja ina ufunguo wake. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana Szent-Györgyi alikamua maji yake. Rangi nyekundu, ambayo nayo ni jamii ya antioksidanti, huyeyuka kwenye mafuta, sawa na ule ukali unaowasha. Rangi hiyo ilichunguzwa na Mhungaria mwingine, László Zechmeister. Kwa hiyo Akabanga yetu ya Nyirangarama, ambayo matone machache yanatosha kumtoa mtu jasho, hubeba ukali na rangi. Anayetaka vitamini C asiitegemee chupa ile. Ale pilipili yenyewe ikiwa mbichi.

Gramu 100 za hoho nyekundu mbichi zina karibu miligramu 130 za vitamini C, na ya kijani ina kama 80. Chungwa la uzito huohuo lina miligramu 50 na kidogo. Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima miligramu 45 kwa siku. Ukiipika muda mrefu, sehemu kubwa huharibika au kuhamia kwenye maji, na ukiyamwaga umeimwaga pamoja nayo.

Darasani tunathibitisha kwa vitu vya bei nafuu. Tunakoroga uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, tunatia tone la iodini ya famasi, na uji unageuka bluu iliyokolea. Tukidondosha maji yaliyochujwa ya puwavuro, rangi inapotea. Wanafunzi wanahesabu matone, kisha wanarudia kwa maji ya chungwa, halafu kwa puwavuro iliyochemshwa. Ile iliyochemshwa huhitaji matone mengi zaidi. Hapo ndipo mtoto hukimbilia nyumbani kumweleza mama yake asiivuruge puwavuro jikoni.

Uhamisho wa mwisho

Maisha ya Szent-Györgyi hayakuishia kwenye pilipili. Akiwa palepale Szeged, yeye na wenzake walieleza jinsi protini mbili za misuli, aktini na miosini, zinavyoshirikiana kuukaza msuli. Si kila alichodhani kilikuwa kweli. Alitangaza vitamini nyingine aliyoiita P, iliyotoka kwenye malimau na pilipili, lakini baadaye ilionekana si vitamini.

Vita ya Pili ilipokuja alisimama dhidi ya Wanazi. Mwaka 1943 alikwenda Istanbul kwa kisingizio cha kutoa mhadhara, kumbe alikuwa na ujumbe wa siri kwa Waingereza na Wamarekani. Siri ikavuja. Alitakiwa akamatwe, akajificha mwaka 1944 hadi vita ilipokaribia kwisha, huku ubalozi wa Sweden ukimsaidia. Warusi walipoingia walimheshimu, lakini aliona nchi ikifungwa minyororo mipya. Mwaka 1947 alihamia Marekani, akaanza upya akiwa na miaka 54 kwenye maabara ya viumbe vya bahari huko Woods Hole. Huko nako alishukiwa mwanzoni kwa sababu ya nchi aliyotoka.

Saratani ilimchukua mke wake wa pili mwaka 1963, na binti yake pekee mwaka 1969. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuutafutia ugonjwa huo dawa, akaandika pia dhidi ya silaha za nyuklia na vita ya Vietnam. Dawa hakuipata. Mwaka 1973 aliutembelea tena mji wa Szeged akiwa mzee wa miaka 80. Alifariki Woods Hole tarehe 22 Oktoba 1986, akiwa na miaka 93.

Leo kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Szeged kina jina lake. Katika chuo hicho alisoma Katalin Karikó, binti wa mchinja nyama aliyekwenda Marekani mwaka 1985 na kupata Nobel ya Tiba mwaka 2023 kwa utafiti uliosaidia kuleta chanjo za korona. Mji mdogo wa pilipili sasa unahesabiwa katika tuzo mbili kubwa.

Milima yetu inaotesha pilipili, maparachichi, majani ya chai na miti shamba ambayo bibi zetu waliijua kwa majina. Ndani yake mna maswali ambayo bado hayajaulizwa. Mwalimu mwenzangu unayesoma gazeti hili, kesho ukienda darasani pitia sokoni kwanza, nunua puwavuro moja na uiweke juu ya meza mbele ya watoto kabla ya kufungua kitabu.